Unalipia Maji: Mwongozo Kamili wa Kutibu na Kuondoa Tope la Majitaka

Kila mtambo wa majitaka una upande wa wageni na upande wa wenyeji. Wageni huonyeshwa mabwawa, mapovu ya hewa na maji yanayotoka mwishoni yakiwa meupe. Wenyeji wanajua kwamba uchafu ulioondolewa kwenye maji hayo uko nyuma, kwenye tangi ambalo hakuna anayelipiga picha. Hilo ndilo tope. Kwa ujazo ni kama asilimia 1 au 2 tu ya majitaka yaliyoingia, lakini linaweza kumeza hadi nusu ya fedha za kuendesha mtambo mzima.

Mwongozo huu ni wa mhandisi aliyekabidhiwa mtambo, wa mhasibu anayetakiwa kuidhinisha mashine asiyoijua, na wa mkulima anayefuatwa na lori akiambiwa ni mbolea ya bure. Hoja yangu ni moja na nitairudia kwa namba: tope la majitaka kwa sehemu kubwa ni maji, na karibu kila senti unayoitumia juu yake inakwenda kuyasukuma, kuyapasha moto, kuyakamua au kuyabeba maji hayo.

Hatua ya 1: Anzia mwisho

Wengi hununua mashine kwanza, kisha ndipo wanatafuta pa kupeleka kinachotoka. Geuza. Uliza kwanza tope litaishia wapi. Milango mikubwa iliyobaki ni mitatu: ardhini kama mbolea (shamba, au machimbo ya zamani yanayofufuliwa), tanurini, au dampo. Zamani kulikuwa na wa nne, bahari. New York iliacha kumwaga tope baharini mwaka 1992, baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 1988 kupiga marufuku jambo hilo, na nchi za Umoja wa Ulaya zikaufunga mlango huo mwishoni mwa 1998. Kwa marufuku hayo tope halikupungua hata kilo moja. Lilirudi nchi kavu kutafuta shamba, tanuri au shimo.

Na milango iliyobaki nayo hufungwa. Uswisi ilikataza tope mashambani mwaka 2006. Jimbo la Maine huko Marekani lilifanya hivyo mwaka 2022 kwa sababu ya kemikali za PFAS, ambazo haziozi na ambazo tope huzikusanya kutoka kila nyumba na kila kiwanda. Ujerumani, kwa kanuni yake ya mwaka 2017, inaitaka mitambo mikubwa irudishe fosforasi iliyomo kwenye tope: ile ya watu zaidi ya 100,000 kuanzia 2029, na ya zaidi ya 50,000 kuanzia 2032. Mashine unayoiagiza leo itakaa miaka 20, na sheria hazitakusubiri umalize kuilipia.

Kwa hiyo chukua karatasi moja uandike mlango mkuu, mlango wa akiba, na ukavu na usafi ambao kila mlango unadai. Mlango wa akiba uwe na mkataba, usiwe ahadi ya mdomo. Tanuri likifungwa wiki tatu kwa matengenezo, watu hawataacha kwenda chooni.

Hatua ya 2: Lijue tope lako

Kuna tope la awali, yaani mashapo yanayozama majitaka yanapotulia kabla ya kutibiwa. Lina mafuta, linanuka upesi, huwa na yabisi (kitu kigumu kinachobaki maji yote yakiondoka) ya asilimia 2 hadi 6, na hutoa gesi kwa urahisi. Halafu kuna tope hai, ambalo ni miili ya bakteria waliofanya kazi ya kusafisha maji. Hilo ni jepesi, asilimia 0.5 hadi 1.5, na maji yake mengine yamefungiwa ndani ya chembe zenyewe, kwa hiyo linagoma kukamuliwa. Mitambo mingi inazo aina zote mbili, na mchanganyiko wake hubadilika kwa msimu. Ukiona mashine iliyofanya kazi vizuri imeanza kutoa tope laini bila sababu, kagua kwanza uwiano huo kabla ya kumlaumu fundi.

Kipimo cha msingi hakihitaji maabara ya kifahari. Pima gramu 100 za tope kwenye kibakuli, likaushe kwa nyuzijoto 105 mpaka uzito usibadilike. Zikibaki gramu 2, una yabisi kavu asilimia 2. Kisha kiunguze kilichobaki kwa nyuzijoto 550. Ikibaki nusu gramu ya jivu, basi asilimia 75 ya yabisi yako ilikuwa ya kikaboni, sehemu inayooza, inayonuka na inayotoa gesi. Namba hizi mbili zinaendesha kila hesabu inayofuata. Usichukue sampuli moja asubuhi ukaiita wastani; changanya za saa mbalimbali, kwa wiki kadhaa.

Metali nzito nazo zipimwe mapema: kadimi, risasi, zebaki, zinki, shaba, nikeli. Hakuna hatua katika mwongozo huu itakayoiondoa kadimi kwenye tope kwa gharama inayoingia akilini. Tena kadiri sehemu ya kikaboni inavyoozeshwa, metali hubaki zikiwa zimekolea zaidi kwenye kilo iliyosalia. Pa kuizuia kadimi ni kwenye bomba la kiwanda, kabla haijaingia mtaroni. Afisa mmoja anayezunguka viwandani na chupa za sampuli huokoa fedha kuliko mashine nyingi.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya maji

Tuchukue mji wa watu 100,000. Kwa gramu 60 za yabisi kavu kwa mtu kwa siku (hali halisi huwa kati ya 50 na 80), unapata tani 6 kila siku. Tani hizo 6 hazibadiliki. Kinachobadilika ni maji yanayosafiri nazo.

Kwa asilimia 2 una tani 300 za tope kwa siku. Kwa asilimia 5, tani 120. Kwa asilimia 20, tani 30. Kwa asilimia 90, chini kidogo ya tani 7. Ukitumia malori ya tani 10, ni safari 30, 12, 3, au lori moja lisilojaa.

Angalia mahali punguzo kubwa lilipo. Kutoka asilimia 2 kwenda 5 umeondoa tani 180 za maji. Kutoka 20 kwenda 90 umeondoa tani 23 tu, na hizo ndizo za gharama kubwa kuliko zote. Maji ya kwanza hutoka yenyewe ukiyapa muda, ya kati yanataka nguvu na kemikali, ya mwisho yanataka moto.

Hatua ya 4: Lifanye zito kabla ya yote

Tope la awali huzama lenyewe kwenye tangi lenye umbo la koni na mkono unaozunguka polepole. Tope hai halizami vizuri; lieleshe kwa mapovu madogo ya hewa uliparuze juu, au lipitishe kwenye ngoma au mkanda wa kuchujia ukiwa umeliwekea polima kidogo (kemikali inayokusanya chembe, tutaifikia Hatua ya 6). Usiliache la awali likae siku tatu: linaanza kuoza, gesi inalinyanyua, na kilichokuwa chini kinaelea juu.

Hatua hii hudharauliwa kwa kuwa haina mashine ya kujivunia. Lakini ona inavyoigusa hatua inayofuata. Tangi la bayogesi linataka tope likae ndani siku kama 20. Tope likiingia na asilimia 2, tangi liwe la mita za ujazo 6,000. Likiingia na asilimia 5, zinatosha 2,400. Joto nalo: kulipandisha tope kutoka nyuzi 15 hadi 35 kunadai takriban kilowati-saa 7,000 kwa siku kwa lile jepesi, na 2,800 kwa lile zito, mbali na joto linalopotea kwenye kuta. Injini ya gesi ya mji huu, kama tutakavyoona, inarudisha joto la kilowati-saa 4,800 hivi. Mwenye tope zito anabakiwa na ziada. Mwenye tope jepesi ananunua mafuta ya kupashia maji moto.

Hatua ya 5: Litulize lisinuke

Tope bichi lina vimelea, linavuta nzi na linanuka. Njia za kulituliza ni nyingi, lakini kwa mtambo wa ukubwa huu tatu ndizo za kufikiria kwanza.

Ya kwanza ni kulimeng'enya bila hewa kwenye tangi la bayogesi, nyuzi 35 hadi 37. Sehemu ya kikaboni hupungua kwa asilimia 40 hadi 60. Kwa mji wetu, tani 6 zina kikaboni tani 4.5, ikimeng'enywa nusu, tani 2.25 zinageuka gesi na zinabaki tani 3.75. Kila kilo iliyomeng'enywa hutoa karibu mita za ujazo 0.9 za bayogesi, kwa hiyo ni mita 2,000 kwa siku, zenye nishati ya kilowati-saa 12,000. Injini nzuri hugeuza asilimia 38 kuwa umeme, kama kilowati-saa 4,600, na asilimia 40 nyingine kuwa joto linalovunika. Mtambo wa mji kama huu, unaopuliza hewa kwenye tope hai, unaweza kutumia kilowati-saa 9,000 hadi 10,000 kwa siku. Umejilipia karibu nusu ya umeme wako, na tope limepungua zaidi ya theluthi kabla ya kukamuliwa.

Tangi hili ni kama mfugo: halipendi mabadiliko. Lilishe kidogo kidogo mchana na usiku badala ya kulishindilia mara moja asubuhi. Joto lisiyumbe zaidi ya nyuzi moja kwa siku. Usiisubiri pH (kipimo cha uchachu) ikuonye, kwa sababu ikishuka chini ya 6.8 tayari umechelewa. Pima uwiano wa asidi na ualkali (uwezo wa tope kuituliza asidi) kila siku, ukizidi 0.3 na unaendelea kupanda, punguza kulisha siku hiyo hiyo. Bakteria wanaotengeneza asidi huzaliana upesi, wale wanaoigeuza kuwa methani ni wavivu, na tangi lililoachwa likachachuka huchukua wiki nyingi kurudi.

Usiwekeze kwenye injini kabla ya kuipima gesi. Salfidi ya hidrojeni hula vyuma na kuharibu oili. Siloksani, zitokanazo na vipodozi na sabuni, zikiungua huacha mchanga mgumu juu ya pistoni. Bei ya injini bila kichujio si bei ya injini.

Na hapa nisimame kidogo kwa ajili ya usalama. Methani ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka kwa cheche moja. Salfidi ya hidrojeni hunuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikifika sehemu 100 kwa milioni pua hufa ganzi, na mtu hudhani hewa imesafika. Mtu asiingie kwenye shimo au tangi bila kipima gesi, feni, kamba na mwenzake juu. Wengi waliokufa mashimoni walikuwa wa pili kuingia, wakimfuata wa kwanza kumwokoa.

Njia ya pili ni chokaa. Ongeza chokaa mpaka pH ifike 12 na ikae hapo saa 2, kisha isishuke chini ya 11.5 kwa saa 22 zinazofuata bila kuongezewa. Hicho ndicho kipimo cha Marekani. Uwekezaji ni mdogo na unaweza kuanza mwezi ujao. Lakini chokaa hakiondoi kitu, kinalisimamisha tu. Ukiweka chokaa robo ya yabisi, tani zako 6 zimekuwa 7.5, na lori linatoza zote. pH ikishuka baadaye, kuoza kunaanza upya, mara nyingi kwenye shamba la mtu. Amonia nayo hutoka kwa wingi, kwa hiyo banda liwe wazi na wafanyakazi wawe na vifaa vya pua na macho. Kwa udongo wenye asidi tope hili ni zuri kweli. Kwa udongo uliokwisha kuwa na chokaa nyingi ni balaa.

Ya tatu ni mboji. Tope lililokamuliwa huchanganywa na vipande vya mbao, maranda au majani makavu ili hewa ipite na kaboni ipatikane: sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni, unyevu asilimia 50 hadi 60. Lundo linalopulizwa hewa kwa mabomba likae nyuzi 55 kwa siku 3 mfululizo. Lundo refu linalopinduliwa likae nyuzi hizo siku 15 na kupinduliwa mara 5. Pima joto katikati na pembeni, maana minyoo hujificha pembeni. Usione haya kumwaga lundo lililoshindwa na kulianza upya. Gharama kubwa hapa ni eneo, na vile vipande vya mbao ambavyo watu husahau kuviweka kwenye bajeti.

Kitu kimoja kinawachanganya wengi: tope lililotoka kwenye tangi la nyuzi 35 halinuki sana, basi huonekana salama. Mayai ya minyoo ya Ascaris hupita kwenye tangi hilo yakiwa hai na yanaweza kukaa udongoni miaka. Kutulia kwa harufu na kufa kwa vimelea ni vitu viwili.

Hatua ya 6: Likamue

Hapa ndipo fedha hupotea kimya kimya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Penye ardhi na jua, vitanda vya mchanga juu ya kokoto ndivyo mashine ya bei nafuu kuliko zote. Mwaga tope kina cha sentimita 20 hadi 30, maji yachuje chini, jua limalizie. Hakuna umeme wala fundi wa kutoka mbali. Kunyesha tu ndiko kunaharibu, na kila unapokwangua unaondoka na mchanga kidogo wa kurudishia.

Pasipo na ardhi utachagua kati ya mkanda wa kukamulia, skrubu, sentrifuji (ngoma inayozunguka kwa kasi) na mashine ya sahani. Kwa kawaida hazifanyi kitu bila polima, ile kemikali inayozikusanya chembe ziwe madonge ili maji yaachie. Kiasi cha kawaida ni kilo 4 hadi 10 kwa kila tani ya yabisi kavu.

Jaribio lake ni la dakika tano, na anayelifanya kila wiki hanyanyaswi na muuza polima. Chukua mililita 200 za tope kwenye bilauri. Ongeza polima iliyoyeyushwa (ikiwa imekaa angalau nusu saa baada ya kuchanganywa, ili nyuzi zake zijikunjue). Mimina kwenye bilauri nyingine, rudisha, mara kumi. Tazama. Polima ikiwa pungufu, maji kati ya madonge ni ya kijivu. Ikitosha, madonge yanasimama imara na maji katikati yake yanaonekana kama chai iliyochujwa. Ikizidi, tope linateleza vidoleni kama ute wa yai, linashika kila kitu na halikamuki. Watu wengi wakiona tope halikamuki huongeza polima, kumbe limeshazidiwa. Shika donge la tope lililokamuliwa ulifinye kwenye ngumi: likipenya katikati ya vidole kama uji, mashine au kipimo chako kina kasoro, bila kujali kioo cha mashine kinasema nini.

Je, asilimia chache zina maana? Tani zetu 3.75 zilizotoka kwenye tangi, zikikamuliwa hadi asilimia 18 ni tani 20.8 kwa siku. Zikifika 22, ni tani 17. Tofauti ni karibu tani 1,380 kwa mwaka, safari 138 za lori la tani 10. Linganisha gharama hiyo na nyongeza ya polima inayohitajika, mwezi kwa mwezi, na utajua pa kusimama. Hakuna jibu moja. Shamba likiwa jirani, asilimia 18 inaweza kuwa nafuu zaidi.

Maji yanayokamuliwa yanarudi kichwani mwa mtambo, na hayarudi mikono mitupu. Yanaweza kubeba asilimia 15 hadi 25 ya naitrojeni yote inayoingia kwenye mtambo, kwa sura ya amonia, na amonia hiyo inakudai hewa, yaani umeme. Yahifadhi kwenye tangi na uyarudishe usiku mzigo unapokuwa mdogo. Fosforasi, magnesi na amonia zikikutana kwenye bomba hujenga jiwe liitwalo struviti, gumu kiasi cha kudai nyundo. Wapo walioamua kulitengeneza jiwe hilo makusudi ndani ya chombo maalum na kuliuza kama mbolea. Mbolea yenyewe hailipi sana; faida kubwa ni mabomba yasiyoziba.

Hatua ya 7: Kabla ya kununua kikausho

Kikausho cha moto kinahitaji kilowati-saa 0.8 hadi 1 kwa kila kilo ya maji kinayoyageuza mvuke. Tope letu la asilimia 20 ni tani 18.75, kulifikisha 90 ni kuondoa tani 14.6 za maji, kama kilowati-saa 13,000 kwa siku. Bayogesi yote ya mji ilikuwa 12,000. Mwenye kukuambia gesi yako itaendesha injini na kikausho kwa pamoja hajapiga hesabu, au amepiga na hataki uione.

Kikausho kinaeleweka pale penye joto la bure: moshi wa kiwanda jirani, au banda la kioo linalotumia jua. Na vumbi la tope kavu hulipuka, chembe zake zikirundikwa zikiwa moto hujiwasha zenyewe. Zipoze kabla ya kuzihifadhi.

Hatua ya 8: Ukilipeleka shambani

Hapa mkulima asome kwa makini. Tope lina naitrojeni ya asilimia 3 hadi 5 ya uzito mkavu, fosforasi ya asilimia 1.5 hadi 3, na potasi kidogo sana. Kipimo huwekwa kwa naitrojeni. Tuseme zao linataka kilo 120 kwa hekta. Tani moja kavu ina kilo 40 za naitrojeni ya kikaboni, ambayo kwa tope lililomeng'enywa huachia kama asilimia 20 mwaka wa kwanza, yaani kilo 8. Na kilo 5 za amonia, ikiwa utalifukia siku hiyo hiyo. Jumla kilo 13. Gawanya 120 kwa 13: tani 9.2 kavu kwa hekta, au tani 46 za tope la asilimia 20.

Sasa geuza macho kwenye fosforasi. Tani 9.2 zenye fosforasi ya asilimia 2 zinaleta kilo 184, wakati nafaka nyingi huondoka na kilo 20 hadi 30 kwa msimu. Mwaka mmoja hakuna shida. Ukirudia kila mwaka, udongo unajaa, mvua inaipeleka ziwani, na ziwa linageuka kijani. Kwa hiyo shamba moja lipate tope mara moja, kisha lipumzishwe miaka kadhaa likipewa naitrojeni na potasi kutoka kwingine. Maana yake kwa mhasibu ni kwamba unahitaji eneo kubwa mara nyingi kuliko hesabu ya naitrojeni inavyoonyesha, na eneo hilo liko mbali zaidi na mtambo.

Kwa metali, tope safi la Marekani lisizidi, kwa kilo kavu, miligramu 39 za kadimi, 300 za risasi, 17 za zebaki, 1,500 za shaba na 2,800 za zinki. Agizo la Ulaya la mwaka 1986 liliweka kadimi 20 hadi 40 na risasi 750 hadi 1,200, lakini nchi nyingi za huko zimejiwekea viwango vikali zaidi. Fuata cha kwenu, na penye ukimya chukua kilicho kikali.

Kwa vimelea, kanuni za Marekani za mwaka 1993 zimegawa madaraja mawili. Daraja la juu, kama mboji iliyopikwa sawasawa, halina masharti mengi. Daraja la chini linadai subira: miezi 14 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa ardhi, zaidi ya hapo kwa ya mizizi, na siku 30 kabla ya kuchunga. Mboga za kuliwa mbichi zisiwe jirani na tope la daraja hilo kabisa. Huo ni msimamo wangu. Acha ukanda usiomwagwa kando ya visima na mito, usimwage kwenye mteremko wala mvua ikiwa njiani, na mwambie jirani kabla pua yake haijamwambia.

Mkulima, dai karatasi ya vipimo ya shehena yako mwenyewe, ya PFAS ikiwemo. Wasipoitoa, geuza lori langoni.

Hatua ya 9: Tanuri na dampo

Tani moja ya tope la asilimia 20 lililomeng'enywa ina kilo 200 za yabisi zenye nishati ya megajuli 12 kwa kilo, jumla 2,400. Kuyapasha na kuyageuza mvuke maji kilo 800 kunakula zaidi ya 2,000. Kinachobaki hakitoshi kuufikisha moshi nyuzi 850, joto linalotakiwa. Tanuri litadai mafuta, au tope lililokaushwa kwanza. Tope bichi lina nishati zaidi, ndiyo maana wanaokusudia kuchoma hujiuliza kama tangi la bayogesi lina maana. Nishati ni ile ile, huwezi kuila mara mbili. Ila tanuri lina sifa moja kubwa: tani 300 za tope jepesi za mji wetu zinaishia tani 1.5 za jivu, vimelea vyote vimekufa, na fosforasi imebaki humo ikisubiri kuchukuliwa. Usilichanganye jivu hilo na la taka nyingine, utaipoteza. Zebaki hupaa na moshi, kwa hiyo mfumo wa kusafisha moshi ndio sehemu kubwa ya bei. Mji mdogo usijenge tanuri lake. Ushirikiane na miji jirani.

Dampo ni rahisi mpaka lijae. Tope chini ya asilimia 20 huteleza na kuuponza mteremko wa taka. Likizikwa bila kutulizwa hutoa methani, yenye nguvu ya kuongeza joto mara 28 hivi ya kaboni dayoksaidi kwa miaka 100, na maji yanayochuruzika huongeza mzigo kwenye mtambo ule ule lilikotoka.

Hatua ya 10: Linganisha bei kwa kipimo kimoja

Kila nukuu ya bei igeuzwe kuwa gharama kwa tani ya yabisi kavu. Msafirishaji atakutajia bei kwa tani ya tope lilivyo. Kwa asilimia 20 izidishe mara 5, kwa 16 izidishe zaidi ya mara 6. Niliwahi kuona lundo limeachwa wazi nje ya mtambo mmoja msimu wa mvua, likapita mizanini likiwa limenywa maji ya mbinguni, na ankara ikalipwa bila swali. Paa la mabati lingekuwa limejilipia kabla mwaka haujaisha.

Mtaji nao uingie. Kwa miaka 20 na riba ya asilimia 8, kila 1,000,000 ya sarafu yoyote ni mzigo wa kama 102,000 kwa mwaka. Kwa tani 2,190 kavu za mji wetu kwa mwaka, ni 47 kwa tani. Mashine ikifanya kazi nusu ya uwezo, ni 93. Ndiyo sababu mashine kubwa "ya siku zijazo" huwa ghali leo; nunua mbili ndogo, ya pili baadaye.

Kisha jaribu kila chaguo kwa maswali matatu: umeme ukipanda maradufu, shamba likifungwa na sheria, na mlango mkuu ukisimama mwezi mzima. Chaguo linalovunjika kwa lolote kati ya hayo liongezewe gharama ya akiba kabla ya kulinganishwa na mengine. Katika mkataba wa mashine, andika asilimia ya ukavu, kilo za polima na umeme kwa tani, vyote vikipimwa kwa tope lako kwa siku 30 mfululizo, na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka vipimo vitoke. Muuzaji akitaka kupima kwa siku moja aliyoichagua yeye, mtafute mwingine.